Bei ya Mita Mpaka Ifike Lamu

Mtu wa Lamu hafundishwi kupatana bei. Tangu utotoni tunawasikia mama zetu wakimshusha mwenye samaki shilingi kwa shilingi, na tunakua tukijua kwamba bei ya kwanza ni salamu tu. Lakini mpeleke fundi wa Langoni mbele ya kabati la vioo la Luthuli Avenue, Nairobi, akanunue mita ya umeme, uone anavyohangaika na tarakimu moja, ile iliyobandikwa kwenye boksi. Anapunguziwa mia tatu, anatoka kifua mbele. Mita ikifika Lamu ikagoma, nauli ya kuirudisha inameza ile mia tatu na nyingine juu yake.

Mimi ni fundi wa vitu vya umeme. Natengeneza inveta za sola za nyumba za wageni kule Shela, redio za VHF za maboti, vidhibiti vya pampu za maji, na mara mojamoja bodi ya friji iliyoletwa na wavuvi wa Kizingitini ikiwa imefungwa kwenye gunia. Kazi hii haifanyiki kwa kukisia. Inataka vifaa vya kupimia, na hivyo ndivyo vinavyomaliza pesa za fundi kuliko bisibisi na risasi ya kuchomelea.

Kwa asiyevijua, ni vinne hivi. Mita ya kawaida, ile yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, hupima volti, ampea na ukinzani. Klampu ina taya zinazouzunguka waya na kusoma mkondo wake bila kuukata. Megga husukuma volti 500 au zaidi ndani ya nyaya zilizozimwa ili kuona kama ngozi ya waya inavuja. Huku kwetu hewa ina chumvi, na chumvi hula ngozi ya waya na viungo vyake kimyakimya, kwa hiyo megga si anasa. Waya wa nyumba ukipimwa kwa volti 500 unatakiwa usome angalau megaohimu 1. Ukishuka chini ya hapo, kuna mahali umeme unatoroka. Cha nne ni oskiloskopu, sisi twaiita skopu. Hiyo huuchora umeme kwenye kioo, ukaona unavyopanda na kushuka, maana inveta inaweza kutoa volti 240 sawasawa kwenye mita huku wimbi lake limevunjika kiasi cha kuunguza friji.

Bei za vitu hivi zimetawanyika mno. Mita ndogo ya njano au nyeusi ya aina ya DT830 utaipata kwa shilingi mia kadhaa. Fluke 87V ya Marekani inazidi dola 400. Zote mbili zitakwambia betri hii ina volti 12. Kwa nini moja iuzwe bei ya chakula cha mchana na nyingine bei ya mbuzi wawili watatu wa arusi? Sehemu ya jibu iko ndani ya kifaa, na nitafika huko. Sehemu nyingine ni kwamba bei iliyochapishwa huchaguliwa na mtu aliyekaa mezani. David Packard mwenyewe alisimulia jinsi yeye na mwenzake William Hewlett walivyopanga bei ya kifaa chao cha kwanza, jenereta ya mawimbi ya sauti iliyoitwa 200A, walipokuwa wakianza katika gereji huko Palo Alto mwishoni mwa miaka ya 1930. Waliandika dola 54.40 kwa kuwa tarakimu hizo ziliwakumbusha kaulimbiu ya zamani ya siasa za Marekani kuhusu mpaka wa latitudo ya 54°40'. Baadaye wakagundua kwamba kwa bei hiyo hata gharama ya kukitengeneza haikurudi. Kifaa cha mshindani wao kilikuwa karibu dola 400. Kampuni yao ndiyo Hewlett-Packard, na lililokuwa tawi lake la vipimo leo linaitwa Keysight. Ikiwa wao walianza hivyo, mimi sioni haya kumuuliza muuzaji wa Nairobi bei yake imetoka wapi.

Ila mtu wa kisiwani ana udhaifu ambao wa Nairobi hana. Mzigo wangu unatoka Nairobi kwa basi mpaka Mombasa, unapita Malindi, Garsen na Witu, unateremshwa Mokowe, unavuka kwa boti mpaka gatini, na kama ni mzito unamalizia safari kwa punda. Kila kituo kina mkono unaodai chake. Muuzaji analijua hilo vizuri. Ukifungua mdomo na kusema, "Mimi natoka Lamu," kabla ya kuuliza chochote, umeshamwambia kwamba hutarudi kesho kugombana. Ndiyo maana nasema bei halisi ya mita, kwetu sisi, ni bei ya dukani pamoja na bei ya kuirudisha. Fundi akipatana ya kwanza tu, ameacha nusu ya mazungumzo.

Mazungumzo yangu huenda hivi, kwa kiasi.

"Boss, hiyo ni original. Nitakupea bei poa."

"Shukrani, ndugu yangu. Bei tutaifikia. Kwanza nifungulie hapa nyuma nione fyuzi."

"Ukifungua, warranty inaisha."

"Mfuniko wa betri tu. Fyuzi iko hapo hapo."

Anafungua huku amenuna. Nikiona kijifyuzi cha kioo kilichoandikwa volti 250, na usoni mwa mita pameandikwa inafaa volti 600 au 1000, nimeshajua nimeshika nini. Fyuzi inayostahili maandishi hayo ni ya kauri, imejazwa mchanga ndani, na imeandikwa volti zinazolingana na madai ya mita. Kwenye mita nyingi za bei ya chini tundu la ampea 10 halina fyuzi kabisa, na mara nyingine limeandikwa hivyo wazi, pembeni, kwa herufi za mchwa.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo watu wanapoumia. Kwenye mita nzuri kuna maandishi CAT II, CAT III au CAT IV. Ni daraja za kimataifa za usalama. CAT II ni ya vitu vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni ya nyaya za jengo na ubao wa umeme. CAT IV ni ya pale umeme unapoingilia kutoka mtaani. Ukikaribia chanzo, radi au swichi kubwa ikipiga, msukumo wa maelfu ya volti unaweza kupita kwa kufumba na kufumbua, na nguvu iliyo nyuma yake ni kubwa. Mita dhaifu hupasuka mkononi. Sola nayo ina balaa lake: paneli zikiunganishwa kwa mfululizo hufika mamia ya volti za mkondo mnyoofu (DC), na cheche ya mkondo mnyoofu haizimiki yenyewe upesi kama ya umeme wa nyumbani. Hoteli za Shela zimejaa paneli hizo. Hili silipunguzii bei wala silijadili. Kama mita si CAT III ya kweli, siichukui hata kwa zawadi. Mita ya mia kadhaa naiweka mezani kwa betri na saketi ndogo, na huko inafanya kazi yake vizuri tu, sina neno nayo.

Baada ya fyuzi natoa kikopo changu. Ndani mna vizuizi vitatu vya ukinzani vya asilimia 1, betri mpya, diodi na kipande cha waya. Kizuizi cha kiloohimu 10 kisome kati ya 9.9 na 10.1, au karibu sana na hapo. Nyaya zikigusanishwa, mlio uje mara moja bila kukwaruza. Betri moja naipima kwa mita mbili za duka lilelile, tuone kama zinapatana. Kupima huku ni kupatana bei ingawa hakuna aliyetaja shilingi. Kila kasoro inayoonekana mbele ya wateja wengine ina thamani yake, na muuzaji ndiye wa kwanza kuihesabu. Ikiwa hakuna kasoro, nimejua, na yeye amejua, kwamba mbele yake yuko mtu atakayepiga simu.

Rangi isikudanganye. Fluke imeufanya mchanganyiko wa kijivu na njano kuwa alama yake kisheria huko Marekani, na mwaka 2014 forodha za huko zilizuia mita zipatazo 2,000 za kampuni ndogo ya SparkFun zilizotoka China kwa sababu tu zilikuwa na sura ile ya kijivu na njano. Mita zile hazikudai kuwa Fluke. Watu walipopiga kelele, Fluke ilijitolea kuipa SparkFun vifaa vyake vya thamani hiyo au zaidi, na vikagawiwa. Kwetu tatizo limegeuka: njano ni nyingi, na nyingine zimeandikwa jina lisilo lao. Kenya ina sheria ya bidhaa bandia tangu 2008, lakini sheria haitasimama nawe kaunta. Namba ya mfululizo ndiyo shahidi. Naiandika, naituma kwa msambazaji aliyeidhinishwa, na nasubiri jibu kabla ya kugusa M-Pesa. Muuzaji asiyependa subira hiyo ameshanijibu yeye mwenyewe.

Halafu kuna swali ambalo wengi hawaliulizi: mzigo huu uliingia lini? Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Februari serikali ikauza dhamana mpya nje ili kulipa ile iliyokuwa inaiva Juni, wasiwasi ukapungua, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu shilingi 130. Vifaa hivi vyote hununuliwa kwa dola. Muuzaji aliyeingiza mzigo kwa 160 alikuwa na haki ya kulia. Lakini aliyeingiza Mei kwa 130 akaendelea kuuza kwa bei ya Januari alikuwa anakula tofauti, na wako waliokula kwa muda mrefu. Nilipouliza swali hilo kwa upole, bila kushutumu, nilishangaa jinsi bei zilivyolegea. Sikutoa hoja yoyote nyingine. Mtu akijua kwamba wewe pia unasoma gazeti, hupunguza mwenyewe kuepusha mjadala.

Wakati wa mwaka nao una uzito. Ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi enzi za boriti za mikoko, na alikuwa akisema bei nzuri ya mali ya Waarabu ilipatikana kaskazi inapochoka, maana anayetaka kuwahi kusi arudi kwao hawezi kukaa anabishana na wewe. Wasambazaji wakubwa wa vipimo wana pepo zao pia. Mauzo yao huhesabiwa kwa robo ya mwaka, na ofisa wa mauzo aliyebakiza kidogo kufikisha lengo lake wiki ya mwisho ya Juni au Septemba husikiliza maneno ambayo mwezi wa kwanza wa robo hakuyasikia. Duka la Luthuli haliko hivyo. Duka linaangalia kodi ya chumba na kile kilichokaa kabatini muda mrefu, kwa hiyo huko naangalia vumbi kwenye boksi.

Vumbi hilo mara nyingi ni la modeli iliyopitwa. Rigol ya China ilipotoa skopu ya DS1054Z kwa dola 399, ya njia nne na megahezi 50, mafundi wadogo duniani kote walishangilia, maana kabla ya hapo skopu ya njia nne ilikuwa ya vyuo na viwanda. Mwaka 2023 kampuni hiyohiyo ikaleta mfululizo wa DHO800, unaosoma kwa biti 12 badala ya 8. Zile za zamani hazikuharibika siku hiyo. Kwa inveta zangu, ambazo swichi zake huwaka na kuzima makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, megahezi 50 ni bahari nzima. Fundi mwenzangu mmoja alitaka skopu ya megahezi 200 kwa sababu redio za maboti ziko juu ya megahezi 156. Nikamuuliza: kwani ukitengeneza redio unatazama wimbi la antena, au unapima nguvu inayotoka na ile inayorudi? Kwa kazi hiyo kuna mita yake ndogo, ya bei ndogo. Kujua usichokihitaji kunapunguza bei kuliko ulimi wowote.

Skopu hizo zina siri nyingine ya kibiashara. DS1054Z na ndugu yake wa megahezi 100 ni chombo kilekile ndani; kinachowatenganisha ni leseni ya programu. Kwenye skopu nyingi vipengele vingine navyo hufunguliwa kwa namba za siri zinazouzwa. Muuzaji hanunui sanduku wala nauli kukupa namba. Kwa hiyo akikataa kushusha shilingi, mwombe leseni. Mwombe probu ya ziada, begi, fyuzi mbili za akiba, nyaya za silikoni badala ya zile ngumu za plastiki. Watu wa mauzo wana mipaka kwenye bei, lakini kabati la vifaa vya ziada huwa na ufunguo mwepesi. Mwombe pia ile ya maonyesho, iliyokaa mezani kwa wateja kuijaribu. Ina mikwaruzo, na mara nyingi ina dhamana kamili.

Cheti cha kalibresheni, yaani karatasi inayosema kifaa kimelinganishwa na kipimo cha marejeo, kinaweza kuwa mtego au neema. Muuzaji atakuambia kipo. Uliza kama ni cha kiwandani kisicho na vipimo, au kina orodha ya masomo halisi na jina la maabara. Shirika la Viwango la Kenya lina maabara zake Nairobi, South C, na huduma hiyo inalipiwa. Fundi wa kutengeneza chaja haihitaji. Anayepima nyaya za hospitali au kusaini ripoti ya mkandarasi anaihitaji, na aiingize kwenye bei tangu mwanzo, asije akaidai baadaye kama mtu aliyesahau chenji.

Vya mtumba navipenda, lakini si kila mtu avishike. Skopu za zamani za Tektronix, kama ile 465 ya miaka ya 1970, huonekana kwenye mizigo ya mitumba kutoka Ulaya. Ni nzito, zimetengenezwa kwa heshima, na kapasita zake zimezeeka. Skopu nyingi zina kipini kidogo mbele kinachotoa wimbi la mraba la kilohezi 1 kwa ajili ya kusawazisha probu. Chomeka hapo. Kona zikiwa kali na mstari umetulia baada ya nusu saa ya kuwaka, anza kuzungumza bei. Muuzaji asiyekuruhusu nusu saa anauza pambo la sebuleni.

Kuagiza mwenyewe kutoka China kunavutia kwenye simu. Ongeza usafiri, kisha VAT ya asilimia 16 inayohesabiwa juu ya mali na usafiri pamoja, ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Tofauti na Nairobi inayeyuka, na hapo hujafikiria kurudisha Shenzhen kitu kilichokufa. Jamaa walioko Dubai na Muscat ni njia nzuri zaidi, na Lamu hatukosi shemeji huko. Plagi zao ni kama zetu. Muulize tu akuulizie kama dhamana inavuka bahari, maana modeli nyingine, kama Fluke 17B+, zilitengenezewa soko la Asia.

Silaha kubwa ya mtu wa kisiwani ni wenzake. Megga nzuri fundi mmoja wa Lamu haitumii kila siku. Tulikaa mafundi kadhaa, tukachanga, tukamwendea msambazaji tukiwa na orodha moja: megga moja, klampu kadhaa, nyaya za akiba. Kaunti ya Lamu iliwekwa miongoni mwa kaunti 14 za mradi wa serikali wa sola mbali na gridi, KOSAP, na hilo tulilitaja pia, kwamba huku paneli zinaongezeka na mafundi watanunua tena. Msambazaji akipewa sababu ya kukuona mwaka ujao, hukuhesabia tofauti. Tulichopigania zaidi hakikuwa punguzo. Tuliandikiana kwamba kifaa kikifa ndani ya miezi sita, nauli ya basi na boti, kwenda na kurudi, ni juu yake. Alishtuka, akacheka, akapiga hesabu, akakubali. Kisha, bila kuombwa, akakipima kila kimoja mwenyewe kabla ya kukifunga. Mzigo wenyewe tuliufungua Mokowe huku simu ikirekodi, kabla haujaingia botini.

Sasa tunatafuta kamera ya joto, ya kuonea viungo vya paneli vinavyochemka kwa kutu. Msambazaji mmoja wa Mombasa ametutumia bei, na kwenye bei hiyo kuna kinachozungumzika. Tumemuuliza mambo matatu: mzigo uliingia lini, kama ile ya maonyesho inauzwa, na nani atalipa ikibidi irudi. Mawili ameyajibu vizuri. La nauli anazungusha bado, na mpaka alimalize, upande wetu hakuna aliyetaja shilingi.